Ukumbi wa usharika: nani apewe, kwa bei gani, na nani atie saini

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya majengo katika usharika mmoja wa KKKT hapa Morogoro. Tuna ukumbi wa watu kama 300, jiko na vyoo vya nje. Kanisa lenyewe liko pembeni. Tangu tumalize kuezeka, maombi hayaishi. Wapo kina mama wa vikoba, wengi wao Waislamu. Yupo mwalimu wa tuisheni. Zipo kamati za harusi, na sasa kuna kanisa changa la kipentekoste linalotaka kusali humo Jumapili alasiri. Baraza la wazee limegawanyika: wengine wanasema nyumba ya Mungu haikodishwi, wengine wanauliza deni la mabati litalipwa na nani. Harusi ya mwisho ilikuwa ya ndugu wa mzee mmoja, tukaitoa kwa nusu bei. Viti 14 vilivunjika na jirani alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamikia muziki. Tukodishe au tuache? Kama ni kukodisha, kwa shilingi ngapi, na mkataba tuuandikeje?

JIBU: Amina, Mama Katibu. Kodisheni. Ila kabla ya bei kuna jambo ambalo hukuliuliza: nani hasa ana mamlaka ya kukubali, na nani anaweza kukataa bila kununiwa Jumapili inayofuata? Nimeshauri sharika na parokia kuhusu mali zao kwa muda mrefu, na hasara nyingi nilizozikuta hazikuletwa na watu wa nje. Zilipitia kwa wenyeji: ndugu wa mzee, mtoto wa mwinjilisti, mjumbe wa kamati mwenye "shughuli ndogo tu ya familia". Hata hiyo harusi ya viti 14 ilipita njia hiyohiyo. Mgeni kabisa mngemtoza bei kamili na kumdai amana.

Wazee wanaosema nyumba ya Mungu haikodishwi wana hoja, msiwabeze. Watenganishieni tu majengo mawili. Wakatoliki wameliandika hili waziwazi: kanuni ya 1210 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu katika mahali patakatifu yale yanayohudumia ibada, uchaji na dini, na askofu anaweza kuruhusu matumizi mengine kwa tukio mojamoja, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali hapo. Mwaka 1987 Vatican ilitoa barua kuhusu matamasha ya muziki makanisani, ikataka kwamba hata tamasha linaloruhusiwa watu waingie bure. Ninyi ni Walutheri, kanuni hizo haziwafungi, lakini mpaka zinaouweka unawafaa. Kanisani hapakodishwi hata kwa kwaya ya jirani. Ukumbi, jiko na uwanja vinaweza kukodishwa. Likisomwa hivyo barazani, nadhani nusu ya ugomvi itaisha.

Wala si jambo geni. Jijini Nairobi, Ufungamano House, jengo la pamoja la makanisa, ndilo lililolipa jina lile vuguvugu la kudai katiba mpya mwishoni mwa 1999, Waislamu na Wahindu wakikaa meza moja na Wakristo. Dar es Salaam, Kituo cha Msimbazi cha Wakatoliki kimezoea semina, mikutano na harusi. Ukumbi unaofunguliwa Jumapili tu na kushinda na popo wiki nzima hauwi mtakatifu zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa saini, na hapa naomba unisome polepole. Usharika, kwa kawaida, si mtu mbele ya sheria. Hauwezi kumiliki ardhi, kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake. Mali ya kanisa huandikishwa kwa Wadhamini Waliosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318, na msimamizi wa usajili huo ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa hiyo mkataba uliosainiwa na mweka hazina "kwa niaba ya usharika" unaweza kumgeuka yeye mwenyewe siku mtu akidondokewa na spika. Angalieni hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani. Kisha muandikieni katibu mkuu wa dayosisi, kupitia kwa mkuu wa jimbo, mkiomba barua ya idhini inayosema mambo mawili: usharika unaruhusiwa kukodisha ukumbi kwa saa au kwa siku, na makubaliano yoyote yanayozidi muda fulani (mimi hupendekeza miezi sita) lazima yapelekwe dayosisini. Mkataba wenyewe uanze na jina la Bodi ya Wadhamini, "kupitia" usharika wenu. Barua hiyo ikichelewa, subirini. Nimeona watu wakichapisha mikataba kwa hamu ya harusi za Desemba huku barua iko njiani, na tatizo likitokea dayosisi inasema haijui lolote.

Mkiwa na hati mkononi, someni pia matumizi yaliyoidhinishwa. Kiwanja cha ibada chenye ukumbi unaokodishwa mara kwa mara hakizui maswali mengi. Mkianza kujenga fremu za maduka upande wa barabarani, hapo mnabadilisha matumizi ya ardhi, na inabidi mpite kwa afisa ardhi na mipango miji wa manispaa kabla ya kumwaga zege.

Baada ya barua, andikeni utaratibu wa ukurasa mmoja na kuubandika mlangoni. Uwe na bei, saa za kufungua na kufunga, yasiyoruhusiwa, na majina ya vyeo vitatu vinavyopokea maombi. Majina ya watu yasiwemo. Wewe kama katibu uwe na daftari la tarehe tu. Usipokee fedha. Fedha iingie kwenye lipa namba au akaunti iliyosajiliwa kwa jina la usharika, isipitie kwenye simu ya mtu yeyote hata akiwa mchungaji. Punguzo lisitolewe na mtu mmoja. Litolewe na baraza, liandikwe kwenye muhtasari, na tofauti ya bei ionekane kwenye hesabu kama ruzuku ambayo usharika umeamua kuibeba. Mkifanya hivyo, "nusu bei kwa ndugu wa mzee" inageuka kuwa uamuzi wenye tarakimu, na wengi wataona aibu hata kuiomba.

Wakatoliki, tena, wana kifungu kizuri. Kanuni ya 1298 inakataza mali ya kanisa isiyo ya thamani ndogo kuuzwa au kukodishwa kwa wasimamizi wake au jamaa zao hadi daraja la nne la damu au la ndoa, bila kibali maalumu cha maandishi. Kwa hesabu yetu hiyo inafika kwa binamu na mashemeji. Siwaambii mwanyime mzee ukumbi kwa harusi ya mwanawe. Alipe bei ya mlangoni, na asiwe kwenye kikao kinachoamua.

Bei. Usiwaulize majirani kwanza, hesabu gharama yenu. Chukua mfano huu, namba zake ni za kuonyesha njia tu: mlinzi na msafishaji 400,000 kwa mwezi, umeme na maji 150,000, akiba ya ukarabati wa paa, rangi na viti 250,000. Jumla 800,000. Kama ukumbi unatumika saa 160 kwa mwezi, pamoja na saa za kwaya, vijana na Umoja wa Wanawake, kila saa inawagharimu 5,000. Hiyo ndiyo sakafu. Kikundi kinachokaa saa mbili kwa wiki kikilipa chini ya 10,000 kwa wiki, nyinyi ndio mnaokilipia, na pengine mnapenda kukilipia, ila mjue kiasi. Akiba ya ukarabati ndiyo watu huisahau. Deni la mabati linalowasumbua leo ni matokeo ya miaka ambayo hakuna aliyeweka kitu pembeni kwa ajili ya paa.

Harusi, send-off na kicheni pati ni hesabu nyingine. Hapo sokoni kuna bei, nendeni kwenye kumbi tatu za ukubwa huohuo Morogoro mkaulize kama kamati ya harusi inavyouliza: na viti au bila viti, na jiko au bila jiko, usafi ni wa nani. Msishindane kwa kuwa rahisi kuliko wote. Ukumbi usioruhusu pombe na unaofunga mapema una wateja wake, na wateja hao wako tayari kulipa bei ya katikati kwa sababu wanajua shughuli itakwenda kwa amani.

Sasa niwapitie waombaji wenu mmojammoja.

Kina mama wa vikoba ni wateja bora kuliko wote na pengine hamjui. Wanakuja siku ileile, saa ileile, hawana spika, na wakiona bomba linavuja wanasema. Kwa kuwa wengi ni Waislamu, zungumzeni nao mambo mawili mapema. La kwanza, msalaba ukutani unabaki; wao wamekuja wakijua ni ukumbi wa kanisa, na sijawahi kuona kikundi kikilalamika, ila msiwafanyie mahubiri kwenye dakika zao walizolipia. La pili ni jiko. Kama sufuria zenu zimewahi kupika kitimoto, waambieni kabla hawajauliza, na waachieni waje na vyombo vyao. Jambo dogo kama hili likifichwa linaharibu ujirani wa miaka. Wapeni mkataba wa miezi sita, malipo ya mwezi kabla ya mwezi kuanza.

Mwalimu wa tuisheni: ndiyo, kwa masharti ya watoto. Watu wazima wawili kila kipindi, mlango wazi, orodha ya watoto na simu za wazazi, na mtu wenu anayeweza kuingia wakati wowote bila kubisha hodi. Sheria ya Mtoto ya 2009 haimwangalii mwalimu peke yake. Likitokea baya, wa kwanza kutajwa mtaani itakuwa "pale kanisani". Akianza kuleta wadogo wa kushinda kutwa, hicho sasa ni kituo cha malezi ya mchana na kinahitaji usajili kupitia Ustawi wa Jamii. Msikubali kiingie kimyakimya kwa mlango wa tuisheni.

Kanisa changa ndilo gumu. Waumini wenu wengine wanaogopa kuibiwa kondoo, na sitajifanya hofu hiyo haina msingi. Lakini kumbukeni kwamba Watanzania na Wakongomani wengi walioko Ulaya na Marekani wanasali kwa Kiswahili mchana, kwenye makanisa ya madhehebu mengine yaliyowapokea baada ya ibada zao za asubuhi. Mkiamua kuwapokea, ombeni kwanza cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kisha wapeni ruhusa ya kutumia ukumbi kwa saa zilizotajwa. Msiwape upangaji. Tofauti si ya maneno: mtu mwenye funguo zake, anayeacha vyombo vyake humo wiki nzima na kulipa kila mwezi bila mwisho, siku mkimwambia aondoke atadai haki za mpangaji, na anaweza kuzipata. Kwa hiyo funguo zibaki kwa mlinzi wenu, vyombo viondoke kila Jumapili, bango lao litolewe ibada ikiisha, na mkataba uwe na tarehe ya mwisho. Mikesha isiwemo kabisa. Na mchungaji wenu akae na wao apate chai nao kabla ya kusaini, maana mambo mawili matatu ya mafundisho na kukaribisha waumini yanazungumzika vizuri zaidi kabla hayajageuka maneno ya pembeni.

Harusi ndizo zenye fedha na ndizo zenye uharibifu. Amana iwe kubwa kiasi cha kuuma. Mimi huanzia nusu ya pango. Iandikwe kwenye hesabu kama deni mnalodaiwa, isihesabiwe kuwa mapato mpaka ukaguzi umekwisha. Ukaguzi ufanywe na watu wawili, mmoja wenu na mmoja wa kamati ya harusi, kabla na baada, kwa kuhesabu viti na kupiga picha za simu vyoo, taa na madirisha. Bei ya kila kiti iandikwe kwenye mkataba, ili kikivunjika mjadala uwe wa kujumlisha tu. Amana irudi ndani ya siku chache mlizozitaja. Ukumbi unaochelewesha amana unasemwa mji mzima.

Umeme: fungeni mita ndogo ya ukumbi, msome uniti wakati wa kukabidhi na wakati wa kupokea, wenye shughuli walipie walichotumia. Mita ndogo ya ndani haianzishi akaunti mpya ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), na hilo lina maana kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Jengo la ibada lina msamaha wake. Msidhani msamaha huo unafunika na jengo linaloingiza mapato. DJ mwenye spika kubwa aje na jenereta lake, la sivyo nyaya zenu zitawaonyesha cha moto.

Choo ni suala la hesabu pia. Watu 300 kwa saa saba wanajaza shimo ambalo kwa ibada lingechukua miezi. Wekeni gharama ya gari la majitaka ndani ya bei, na hakikisheni tenki la maji limejaa asubuhi ya siku yenyewe.

Pombe: kataeni kwa maandishi, mkitaja na maegesho. Marufuku ya "ndani ya ukumbi" huhamishia bia kwenye buti za magari, kisha sherehe mbili zinaendelea sambamba, ya ndani na ya nje, na ya nje ndiyo inayosikika kwa jirani.

Muziki uzimwe saa nne usiku, wageni watoke saa tano. Kuna Kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na viwango vya usiku kwenye makazi ni vikali kuliko vya mchana. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikifungia kumbi na baa kwa kelele, na jina la kanisa si kinga. Aliyepiga muziki kupita muda akatwe kwenye amana kwa kila nusu saa. Huyo jirani wenu, mwendeeni nyumbani, mzee mmoja na wewe, mumpe ratiba ya shughuli za mwezi na namba ya msimamizi wa zamu ambaye atapokea simu saa tano usiku. Mtu aliyepewa namba hiyo hana haraka ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wanasiasa wataomba pia, hasa msimu ukikaribia. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, na kubishana kwamba ukumbi si kanisa ni kutafuta maneno. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia mimbarini, na sioni sababu ya nyinyi kusubiri mpaka mfike huko. Andikeni: hakuna mkutano wa chama, wala wa mgombea, wala "harambee" ya mgombea. Elimu ya mpigakura inayotolewa kwa wote iwe ruksa.

Kodi. Wengi hudhani kanisa halilipi. Sadaka ni jambo moja, pango la ukumbi ni mapato ya biashara mbele ya TRA, Mamlaka ya Mapato, hata kama kila senti inakwenda kwenye mabati. Hadhi ya taasisi ya hisani haiji yenyewe kwa kuwa na mnara na kengele. Huombwa kwa Kamishna Mkuu. Kampuni au shirika likikodi ukumbi wenu kwa semina litakata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, daini cheti cha zuio ili kiasi hicho kihesabiwe. Kiwango cha kujisajili VAT ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, na ukumbi mmoja hauifikii. Lakini ulizeni TIN (namba ya mlipakodi) mnayotumia ni ya nani. Kama ni ya wadhamini wa dayosisi, mapato yenu yanajumlishwa na ya hosteli, mashamba na kumbi nyingine zote, na mhasibu wa dayosisi anatakiwa kujua mapema. Yeye pia ndiye awaambie kuhusu EFD, mashine ya kutoa risiti za kodi.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kukagua ukumbi, na mlango wa pili usifungwe kwa kufuli wakati wa shughuli. Nimeukuta umefungwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, eti wasiingie wasioalikwa. Kama mna bima, mwambieni wakala kwa barua kwamba jengo linakodishwa. Bima iliyokatwa kwa ajili ya jengo la ibada inaweza kukataa kulipia moto wa jiko la harusi.

Mkishapata barua ya dayosisi, mkataba wa kwanza wapeni kina mama wa vikoba. Miezi miwili ya kikundi tulivu itawaonyesha kama daftari la tarehe, lipa namba na ukaguzi vinafanya kazi. Tarehe za harusi msizipokee kabla mita ndogo haijafungwa, na mzee aliyeleta ile harusi aandikiwe bei ya viti 14 kabla ya kikao kijacho cha baraza.